Bugi la Kwanza Bila Silvanus

Msinione mjinga. Nilimpenda Dennis, tena sana, na wakati huo huo nilimshuku kwamba amemuua kaka yangu. Mambo hayo mawili yalikaa kifua kimoja, yakaninyima usingizi na hamu ya kula. Nililaumu cherehani kwa kukata uzi kila mara, kumbe mimi ndiye niliyekuwa naivuta nguo ovyo.

Kaka yangu alikuwa Silvanus wa Lerai Jazz. Hapa Karatu miaka ile, ukimtaja Silvanus hukuwa na haja ya kutaja jina la baba. Aliianzisha bendi kwa gitaa la kuazima, akatunga nyimbo mwenyewe, akaimba mwenyewe, na kila Jumapili mchana watu walitoka Endamarariek na Mang'ola kuja kucheza dansi letu, bugi. Madereva wa watalii walikuwa wanawaharakisha wazungu wao kupanda kutoka kreta ya wanyama ili wawahi nyimbo za mwisho. Halafu koo likaanza kumsumbua. Likafunga kabisa, na mwaka ule uliofuata mvua za El Nino tukamzika.

Maneno yalianzia matangani. Dennis alikuwa mwimbaji wa pili, kijana wa Machame aliyekuja kutengeneza magari ya watalii akaishia kwenye bendi. Mwaka wa mwisho wa Silvanus, wawili hao waliimba wamebanana kwenye maikrofoni moja. Tuliambiwa ile ya pili imeharibika. Na kila wimbo ukiisha, Dennis alifungua chupa ya chai aliyokuja nayo, akammiminia Silvanus kikombe, Silvanus akanywa mbele ya watu wote.

Sasa hebu jiulize, wakasema watu. Anamnywesha nini kila Jumapili? Koo linafunga. Mtu anakufa. Na maikrofoni anachukua nani? Dennis! Jamani, hata mtoto mchanga angeijumlisha hesabu hiyo.

Mama yangu hakusema lolote. Lakini Dennis alipokuja kutoa pole, Mama aligeuza uso ukutani, na kila mtu aliona. Dennis na mimi tulikuwa tumeshakubaliana kuoana, Silvanus mwenyewe akiwa hai akinitania kwamba atatunga wimbo wa harusi. Sasa mjomba wake Dennis alikuwa ametuma salamu: anakuja Jumatatu kuchukua jibu la posa.

"Mwambie asihangaike," Mama alisema. "Huyo kijana haingii nyumba hii."

"Kwa nini, Mama?"

"Nimeshasema."

Mama akishasema hivyo, hata padri alikuwa anaondoka.

Jumamosi Dennis alikuja kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nashonea kwenye baraza la duka la Abbasi, muuza vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wapenzi wa Lerai. Dennis alisimama karibu kuliko mteja anavyosimama. Alikuwa amekonda. Macho yake yalinitazama kwa namna ile ile iliyozoea kuniyeyusha, na mimi, Mungu anisamehe, nikayeyuka kidogo kabla sijakumbuka kukasirika.

"Hyasinta."

"Sema shida yako. Kushona au kupunguza?"

"Mjomba anafika kesho kutwa. Nimwambie nini?"

"Nijibu kwanza swali moja. Ile chupa ilikuwa na nini?"

Nilisubiri aseme maji, aseme chai, aseme chochote. Akatazama viatu vyake.

"Siwezi kukuambia," akasema.

"Huwezi!"

"Niliapa."

"Kwa nani?"

"Hyasinta, niamini tu. Nakuomba."

"Nikuamini? Kaka yangu yuko ardhini, wewe una siri ya kikombe alichonywea, halafu unasema nikuamini! Ondoka kwenye mwanga wangu, nashona."

Aliondoka. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya kituo cha mafuta, na nilijichukia kwa kumtazama.

Abbasi alikuwa amesikia kila kitu. Alitoka nje na rula yake ya kupimia vitambaa.

"Umeona, dada Hyasinta? Mtu safi hafichi. Kesho ni bugi la kwanza tangu msiba, na sisi wapenzi tumeshaamua. Tutaingia, lakini hachezi mtu. Tutakunja mikono, tumtazame usoni. Mwenye hatia hawezi kuimba huku anatazamwa."

Mkewe, Nafisa, alikuwa ndani anakunja khanga. "Na wakishindwa kuimba, mtakuwa mmepata nini?"

"Lerai ni Silvanus," Abbasi akasema. "Mwenyewe amekufa, na jina lipumzike. Hao vijana wengine waunde bendi nyingine."

"Mtaenda kuicheza hiyo nyingine?"

Abbasi aliipangusa rula ambayo haikuwa na vumbi.

"Mimi namkumbuka Silvanus," Nafisa akaendelea, "lakini Jumapili zangu nazo nazitaka. Sasa mnataka nikae nyumbani nimsikilize nani, wewe?"

"Wewe mwanamke huna uchungu!"

"Ninao. Ndiyo maana nataka kucheza."

Mama alikuwa amenikataza, na mimi mwenyewe niliapa kwamba sitakwenda kabisa. Na Jumapili baada ya misa nikajikuta nazunguka nyuma ya ukumbi, upande wa jiko la nyama choma, nimejifunika khanga mpaka puani. Nilijiambia napita tu. Mh! Njia ya kwetu haipiti hapo.

Kutoka nyuma unaona ukuta na moshi, huoni jukwaa. Nilisikia gitaa likijaribiwa. Nilisikia watu wakiingia bila ile kelele ya siku zote, bila vicheko, kama wanaingia mahakamani. Ngoma zikaanza. Nikautambua wimbo mara moja, ule Silvanus aliotungia barabara zilipokatika na mvua. Nikasema, huyu Dennis hana haya hata kidogo, anaanza na huo huo?

Ndipo nikamsikia kaka yangu.

*Nisubiri Oldeani, mvua ikikatika nakuja,*
*hata barabara ikifungwa, kwa miguu nitafika.*

Sisemi sauti inayofanana. Nasema Silvanus. Ile ya puani kidogo, yenye kutetemeka mwishoni, iliyokuwa inajaza ukumbi na kupita hadi barabarani. Nikashika ukuta. Halafu hasira ikanipanda, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nilielewa kila kitu. Wamemrekodi! Wanapiga kanda ya marehemu, Dennis amesimama pale anachezesha midomo, na watu wametoa hela zao kuingia!

Nilipita jikoni nikapiga kikumbo beseni la nyama, mpishi akanipigia kelele, sikugeuka. Nikaingia kwa mlango wa pembeni.

"Zimeni kanda!" nilipiga ukelele. "Zimeni hiyo kanda! Mwacheni kaka yangu apumzike!"

Ukumbi wote ukageuka. Mpiga ngoma akasimama, magitaa yakakatika moja moja. Lakini sauti haikukatika. Dennis alikuwa amefumba macho, hakuwa ameniona, akaimba neno moja zaidi peke yake, bila chombo chochote nyuma yake, *nitafika*, na ile sauti ikatoka kinywani mwake. Mbele ya macho yangu. Akafumbua macho, akaniona, akanyamaza.

Hapakuwa na kanda yoyote.

Abbasi alikuwa mstari wa mbele, mikono imekunjwa. "Kanda gani tena, dada Hyasinta?" akaniuliza. "Hii si kanda, ni huyu anajitahidi kumuiga marehemu. Lakini wapi! Hafiki hata robo."

"Hafiki," wakasema wengine nyuma yake, na mama mmoja akafuta machozi akisema Silvanus hatapatikana tena.

Nilizitazama nyuso zile. Watu waliocheza nyimbo hizo miaka yote, waliojisifu kwamba wanaijua sauti ya Silvanus hata wakiwa usingizini. Walikuwa wanaisikia hapo hapo, na kwa sababu wanamtazama Dennis, hawaisikii. Mimi mwenyewe ningekuwa nimesimama pale mbele ningesema hafiki.

Nilitoka nje kwa mlango ule ule, ile maikrofoni moja waliyobanana ikinizunguka kichwani. Sikumaliza kupumua mara mbili, Dennis akawa yupo nyuma yangu karibu na magunia ya mkaa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Hyasinta..."

"Usiniambie umeapa. Hukuniambia wewe, nimesikia mwenyewe. Tangu lini wewe ndiye unayeimba?"

Alikaa juu ya gunia kama mtu aliyetua mzigo.

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Sauti yake ilikatika katikati ya wimbo, pale pale jukwaani, nikaudaka. Hakuna aliyegundua. Usiku ule alinishika mkono akalia, Hyasinta. Alisema, wakijua siwezi kuimba wataacha kuja, na bendi itakufa kabla yangu. Akanifundisha sauti yake. Yeye akawa anapiga gitaa na kufungua mdomo, mimi nabanana naye pale watu wasione inatoka wapi."

"Ile maikrofoni ya pili?"

"Nzima kabisa. Tuliificha."

"Na chupa?"

"Tangawizi, asali na dawa ya hospitali. Bila hiyo hata mate hayakupita. Kama ningekuambia ni dawa, ungeuliza dawa ya nini, na ningekuwa nimeshamvua nguo kaka yako. Alitaka azikwe akiwa mwimbaji."

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Nikakumbuka jinsi Silvanus alivyokuwa ananong'ona nyumbani, akituambia kwamba sauti ni mtaji, haitumiki bure jikoni. Tulikuwa tunacheka! Halafu nikakumbuka jambo jingine, na uso ukanipata moto.

"Dennis. Kwenye chemko, ngoma zikishika kasi. Kulikuwa na mtu ananitaja. Hyasinta wa cherehani, Hyasinta nishonee moyo wangu umechanika."

Alianza kuchokonoa gunia la mkaa kwa kidole.

"Mimi nilikuwa nacheka, nawaambia watu kaka ananitania."

"Ni mimi."

"Na ile ya macho ya Hyasinta?"

"Ni mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona meno yake. "Nilikuwa nashangaa hamshtuki. Kaka mtu amwimbie dada yake macho? Silvanus alikuwa ananikanyaga mguu chini, lakini angefanyaje, mdomo ni wake."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, vibaya, kamasi na kila kitu. Akanishika mkono. Sikuuondoa. Mwaka mzima mtu huyu alinitongoza mbele ya ukumbi mzima na sikujua, na mimi nikamlipa kwa kumwita muuaji moyoni mwangu.

"Twende kwa Mama," nikasema.

"Hyasinta, hapana. Kaka yako..."

"Watu sitawaambia. Abbasi akitaka akunje mikono mpaka igande. Lakini Mama si watu."

Tulipofika nyumbani Dennis alibaki nje ya uzio wa michongoma. Mama alikuwa uani anapepeta mbaazi. Aliniangalia usoni, kisha khanga yangu yenye mafuta ya nyama.

"Umetoka wapi na macho yamevimba?"

"Ukumbini."

"Nilikukataza."

"Mama, Dennis hakumuua Silvanus."

Aliendelea kupepeta. "Nani alisema amemuua?"

"Kila mtu!"

"Mimi umenisikia nikisema?"

Kweli, sikuwahi kumsikia.

"Sasa kwa nini humtaki? Mama, wewe hujui. Silvanus alikuwa haimbi. Dennis ndiye..."

"Najua."

"Unajua?"

Aliweka ungo chini.

"Silvanus mwaka mzima alikuwa ananiita kwa kugonga sufuria. Ninyi mkasema anatunza sauti. Mimi niliyemzaa anitunzie sauti? Halafu Jumapili nakaa hapa hapa, spika zenu zinaniletea mwanangu anaimba, sauti nzima, haina hata kikohozi. Nikajua kuna mtu. Sikuuliza. Nikasema Mungu ambariki huyo mtu, ananipa mwanangu mzima kila Jumapili."

"Basi kama ulimbariki, Mama..."

"Nimemzika, Hyasinta!" Sauti yake ilipasuka. "Nimemwaga udongo kwa mkono huu. Na leo nimekaa hapa, nikamsikia tena. Nikainuka. Mbaazi zikamwagika. Nimefika mpaka pale getini kumpokea mwanangu, mtu mzima mimi, nina akili zangu. Nikasimama pale nacheka peke yangu. Sasa unataka niwe na mkwe wa namna hiyo? Aje hapa, niwe jikoni, nimsikie marehemu anaimba uani?"

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kupambana na uvumi, na uvumi haukuwepo.

"Ukawaacha watu wamwite muuaji," nikasema taratibu.

"Niliwaacha. Ilikuwa rahisi kuliko kusema hili." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilikosea. Mwite, namwona kwenye michongoma tangu mmefika, anadhani amejificha."

Dennis aliingia mikono nyuma. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Imba."

"Mama?"

"Huo wa Oldeani. Imba nikiwa nakutazama."

Dennis aliniangalia. "Mama, kama sauti hii inakuumiza, naacha muziki. Nitarudi kwenye magari. Namtaka Hyasinta kuliko jukwaa."

Nilihisi machozi yanarudi. Mama hakuguswa hata kidogo.

"Nani amekuambia uache? Nimekuambia imba."

Akaimba, polepole, bila gitaa. Mama alikuwa ameupakata tena ungo, ameinama mbele, macho yamekaza kwenye mdomo wa Dennis. Hakupepesa. Aliufuatilia mdomo ule neno kwa neno, na mimi niliona mikono yake ikikamata kingo za ungo kila sauti ilipopanda. Nilitaka kumwambia Dennis anyamaze. Nilitaka pia asinyamaze.

"Ishia hapo," Mama akasema.

Kuku mmoja alikuwa anadonoa mbaazi zilizomwagika, hakuna aliyemfukuza.

"Silvanus alikuwa anavuta pumzi kabla ya *kwa miguu*," Mama akasema. "Wewe unaunganisha."

Dennis aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Mama. Hata yeye alikuwa ananigombeza hapo."

"Alikugombeza?"

"Kila Jumapili. Kwa kuandika kwenye vumbi kwa kidole, alipokuwa hawezi tena kunong'ona."

Mama alitoa kicheko kidogo ambacho hakikufika mbali. Aliutazama ungo, akautikisa ingawa mbaazi zilikuwa zimeshatakata.

"Mjomba wako aje kesho mchana," akasema. "Mchana, umesikia? Posa za gizani sizipokei. Na usidhani nimeshakuzoea, bado nakutazama."

"Asante, Mama." Dennis aliinuka. "Na pale kwenye pumzi... nitajirekebisha. Nitaimba kama yeye kabisa."

Mama aliinua kidole haraka.

"Ole wako!" akasema. "Uache hivyo hivyo, nijue ni wewe, nisiinuke tena."